Ukali wa Mwanga

Kwenye jalada mimi si Somoe binti Lihumbo.
Mimi ni SM1.
Nimekaa benchi la nyuma, Mahakama Kuu, Mtwara,
vumbi la Kitangari bado liko kwenye kanga,
namsikiliza SM1 akisomwa na mtu asiyemjua.

"SM1 alieleza kuwa alimtambua mrufani
kwa msaada wa taa ya sola."
Kweli, nilieleza.
"SM1 alisema mwanga ulikuwa wa kutosha."
Hapana, baba. Hilo alilisema mwendesha mashtaka.
Mimi niliitikia ndiyo,
kama unavyoitikia hodi ukiwa jikoni
na mikono imejaa unga.

Wakili, kijana, koo limemkauka, anauliza:
kutosha kwa lipi?
Kuchambua mchele? Kutunga uzi kwenye sindano?
Kumfunga mtu miaka saba?
Watu wawili watatu wanacheka.
Jaji hacheki. Anaandika.

Ilikuwa Desemba, siku ya tatu ya mawingu.
Hakuna aliyeniuliza habari za mawingu.
Taa ile hula jua; isipokula
huwa jicho la mgonjwa, linakutazama halikuoni.
Ziliondoka laki sita na arobaini za mnada wa pili wa korosho,
na kichwa cha cherehani, Mungu wangu,
akaniachia meza na pedali,
miguu bila kiwiliwili.

Nilijuaje kuwa ni Dadi Nangomwa?
Sikilizeni, maana hili halimo kwenye mwenendo wa shauri.
Mlango wangu ni mfupi.
Kila mgeni hugonga paji.
Mwenyekiti wa kitongoji aligonga, akatukana mbele ya watoto.
Askari wa upelelezi aligonga mara mbili,
akiingia, na akitoka na daftari lake.
Yule wa usiku ule aliinama.
Gizani, na mzigo begani,
aliinama.
Na mlango ule aliupachika Dadi kwa mikono yake,
akabana mbao, akaniambia mama, utazoea.

Hilo tu ndilo nililoliona: mgongo ukiinama.
Uso niliuweka baadaye,
kituoni, mbele ya dawati,
kalamu ilipokuwa inanisubiri.

"Shahidi hakueleza ukali wa mwanga,
wala umbali, wala muda aliomtazama."
Rufaa imekubaliwa.
Hatia imefutwa, adhabu imetenguliwa,
aachiwe mara moja
isipokuwa kama anashikiliwa kwa jambo lingine halali.

Dadi akapita karibu yangu,
nguo za gereza zimemzidi mabega,
nikajiandaa kwa tusi.
Shikamoo, akasema.
Marahaba ikanitoka kwa sauti ambayo si yangu.

Kwenye basi nikaanza kuwahesabu wanaojua kuinama.
Dadi.
Shemeji yangu Mchopa.
Kijana wa Mchopa, aniletea maji,
aliyenunua pikipiki mwezi wa Januari.
Pikipiki si ushahidi. Nimeshajifunza.
Tulipofika Nanguruwe nikaacha kuhesabu,
nikanunua karanga, sikuzila.

Usiku nikatundika koti la marehemu mume wangu msumarini,
nikawasha taa, nikarudi nyuma hatua sita.
Nililitambua. Hata kifungo kilichopotea.
Lakini ni mimi niliyelitundika.

Nje mtu akapiga hodi,
ndoo ikasikika ikitua chini.
Nikasema karibu.
Nikaizima taa,
nikategea sikio mlango.